Majini hayakuwamo: kuhusu mwisho wa The Others

"Shikamoo mwalimu. Niko Kisasa hapa Dodoma. Wiki iliyopita niliwekewa muvi kwenye flashi, The Others ya Nicole Kidman, iliyotafsiriwa. Tuliangalia watatu: mimi, mdogo wangu, na bibi aliyekuja kutoka Bahi kwa matibabu ya macho. Dijei aliyeitafsiri anasema tangu mwanzo kwamba majini yameingia kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye watoto wawili wasiotakiwa kupigwa na mwanga, na kwamba huyo mama amerogwa. Mwishoni mama anakaa kwenye ngazi na watoto wake, anaongea kwa muda mrefu, na dijei muda wote huo anatangaza namba yake ya simu. Alipomaliza kutangaza, muvi nayo ikaisha. Mdogo wangu anasema majini yameshinda, yamewaua wote. Mimi nimeyaona yakiondoka kwa gari, lakini jini linapandaje gari? Na yule baba aliyetokea kwenye ukungu alikuwa hai au amekufa? Mbona akaondoka tena? Dijei anasema wako toharani, hilo nalo sijalielewa. Bibi, ambaye jicho moja lilikuwa na bandeji, alisema pale tu wale watumishi watatu walipogonga mlango: 'Hao ndio wenye nyumba.' Tukamuuliza kwa nini, akasema tuangalie tu. Tufafanulie mwalimu, maana nyumbani hatusemezani."

Marahaba. Bibi mpe mbukwa yangu, ile salamu ya Kigogo, umwambie kwamba alimaliza ubishi kabla haujaanza. Nitarudi kwake. Na kama yupo mwingine anayesoma hapa na hajaiona muvi hii, aishie aya hii, akaiangalie kwanza, kwa sababu sitaficha kitu.

Jibu la haraka, ili msemezane leo jioni: hamna jini hata moja katika muvi ile. Wale walioondoka kwa gari ni watu walio hai, baba, mama na mtoto wao Victor. Kile kizee chenye macho meupe ni mtu waliyemwita aje azungumze na wafu. Waliokufa ni hao hao mliokuwa mkiwaonea huruma muda wote: Grace, binti yake Anne, na Nicholas mdogo wake Anne. Walikufa kabla picha ya kwanza haijaonekana kwenye skrini. Na watumishi watatu, yaani Bi Mills, mzee Tuttle na yule binti bubu Lydia, walikufa kwa kifua kikuu mwaka 1891, zaidi ya miaka 50 kabla ya mwaka 1945 ambamo hadithi inatokea. Kwa hiyo mdogo wako kakosea, hakuna aliyeuawa na wale wageni. Wewe ulikuwa karibu sana. Swali lako la gari lilitosha kuufungua mwisho wote, ila uliliuliza ukiwa umeshikilia neno la dijei.

Dijei simlaumu sana. Kazi yake ni ngumu: mtu mmoja, sauti moja, anabeba mama, baba, watoto na kizee, na hapo hapo anatakiwa achekeshe. Lakini neno moja tu alilolichagua limewapoteza. Kiswahili hakina njaa ya maneno katika eneo hili. Jini hakuwahi kuwa mtu, ni kiumbe wa namna yake, ana ulimwengu wake. Pepo humpanda mtu. Mzuka hukutokea ghafla ukabaki unahema. Mzimu ndiye mtu wetu aliyetangulia, mwenye jina na ukoo, na mara nyingi mwenye madai. Ukiambiwa "jini" akili inajipanga yenyewe kwamba kuna adui katoka nje, na kazi iliyobaki ni kusubiri kuona nyumba itapona au haitapona. Ukiambiwa "mzimu" unauliza swali jingine kabisa: wa nani? Muvi nzima imesimama juu ya swali hilo la pili. Kwa Kiingereza Grace huwaita wale wageni wavamizi, watu walioingia bila hodi, wala hataji kiumbe chochote cha ajabu. Jina la muvi lenyewe maana yake ni Wale Wengine, basi, bila kusema wengine ni akina nani. Kila upande katika nyumba ile unaamini wengine ni wale wa upande wa pili.

Nina kisa changu na muvi hii. Kabla sijawa mwalimu wa fasihi nilisimamia banda la video maeneo ya Majengo, na niliionyesha mwaka 2006, mwaka wa mgao mkali wa umeme. Tulikuwa tunategemea jenereta. Grace anapowaeleza watumishi wapya kwamba Wajerumani waliwakatia umeme hadi wakazoea kuishi bila umeme, banda lote liliangua kicheko: kumbe na Wazungu wana mgao! (Hilo la Wajerumani si la kutunga. Kisiwa cha Jersey, kilichoko kati ya Uingereza na Ufaransa, kilikuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani kuanzia 1940 hadi Mei 1945.) Mafuta yakatuishia pabaya, Grace akiwa ndani na watumishi wako nje ya mlango wanamsemesha. Nikamtuma kijana na dumu. Gizani watu wakabishana, na aliyewashinda wote alikuwa kondakta mmoja wa daladala kwa hoja fupi: stelingi hafi. Sheria hiyo mnaijua. Stelingi atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini hafi, na akifa si stelingi. Umeme uliporudi wakagundua kwamba sheria haikuvunjwa kwa namna waliyoitarajia. Stelingi hakufa mwishoni wala katikati. Alikuwa tayari amekufa alipoonekana mara ya kwanza kabisa, kitandani, akizinduka kwa ukelele. Kondakta alidai arudishiwe hela yake. Sikumrudishia, ila hadi leo naona alikuwa na haki kuliko wale waliotoka kimya.

Sasa fanyeni jambo moja ambalo mimi huwapa wanafunzi: isimulieni muvi hii upya mkiwa upande wa Victor. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, nusu ya watu ninaowafahamu wanalala katika nyumba ambazo juzi zilikuwa za watu wengine, kwa hiyo haitawasumbua. Familia imepata nyumba kubwa ya zamani. Dalali kawaambia habari za maji na vyumba, habari za mama aliyekuwa akiishi humo hakuzigusa. Asubuhi mama mpya anafungua mapazia, maana nani anakaa gizani mchana kweupe? Akirudi anayakuta yamefungwa. Wanaacha mlango wazi, unafungwa nyuma yao kwa ufunguo. Mtu anapiga kinanda jioni, akishatoka chumbani kifuniko kinashushwa na kufungwa. Usiku mtoto analia, anasema chumbani kwake kuna msichana anayemwamuru afunge pazia. Wanavumilia hadi wanachoka, wanamleta kizee wa kuzungumza na hao wasioonekana. Mnaiona? Hiyo ndiyo muvi ya nyumba yenye mizimu tuliyoizoea, haina kipya hata kimoja. Alichofanya Alejandro Amenábar, mwandishi na mwongozaji wake, ni kuihamishia kamera upande wa pili wa chumba na kuiacha huko.

Kwa hiyo kila kilichowatisha mkiwa kwenye kochi ni kazi ya kawaida ya watu wanaohamia nyumba. Asubuhi ile ambayo mapazia yote yametoweka, Grace anakimbia huku na huko kuwafunika watoto wanaopiga mayowe, mimi ndiyo inayonitisha kuliko zote. Na kumbe ni mama wa watu ameshusha mapazia.

Mapazia hayo yanastahili neno zaidi. Magonjwa ya aina ile yapo kweli: kuna wanaorithi hali ambayo ngozi yao haiwezi kujirekebisha ikishaumizwa na miale ya jua. Si ualbino, msichanganye, ingawa jua ni adui wa wote. Ila katika muvi ugonjwa huo una kazi nyingine. Unampa Grace sababu ya kuwa na funguo. Sheria yake ni kwamba hakuna mlango wa kufunguliwa kabla ule wa nyuma haujafungwa, na kwa sababu ni sheria ya kuwalinda watoto hakuna anayethubutu kuhoji. Hata sisi hatukuhoji. Mwishoni watoto wanasimama dirishani, jua linawapiga usoni, na haliumi. Ugonjwa ulikwisha siku ile mwili ulipokwisha. Mapazia yaliendelea kwa sababu mama alikuwa bado anayahitaji.

Tufike kwenye ngazi.

Kabla ya ngazi kuna kile kikao chumbani. Kizee amekaa mezani na wazazi wa Victor, anaandika kwa kasi kwenye karatasi bila kuangalia anachoandika, anawauliza watoto maswali. Mama yenu aliwafanya nini? Anne anamnong'oneza sikioni. Neno "mto" linatajwa, mto wa kulalia. Watoto wanapiga kelele kwamba hawajafa, Grace anaitikisa meza na kuzichana zile karatasi, na hapo, kwa sekunde chache, kamera inavuka upande. Tunaona kile wanachokiona walio hai: meza inatikisika peke yake, karatasi zinachanika hewani, hakuna mtu. Mara ya kwanza kabisa tunamtazama Grace kwa macho yao, na hatumwoni. Kwangu hiyo ndiyo sekunde bora ya muvi yote. Wengi huikosa kwa sababu ya kelele za tukio lenyewe.

Kisha ngazi, na namba ya simu ya dijei. Mlichokikosa ni hiki. Grace amewakumbatia watoto na anasimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa na mwingine. Anasema mwanzoni hakuelewa ule mto unafanya nini mikononi mwake, wala kwa nini watoto hawajongei. Halafu akajua. Amewaua wanawe. Akachukua bunduki akajiua. Halafu hakukuwa na kitu, na katika ule utupu akasikia kicheko kutoka chumbani, Anne na Nicholas wanachezea mito kana kwamba hakuna lililotokea. Akaamini kwamba Mungu kwa rehema zake amempa nafasi nyingine ya kuwa mama mwema. Jina lake, mkilitafsiri, ni Neema, na ndivyo alivyolipokea jambo lile: hakukubali kwamba amekufa, alidhani amesamehewa.

Ukishayasikia maneno hayo unaweza kurudi nyuma na kuusoma kila ukali wake. Masomo ya dini asubuhi, rozari, adhabu ya kusoma Biblia kwa sauti, funguo, mapazia. Mtu huyu anaitumia nafasi ya pili kama aliyepewa fedha za watu azitunze, hataki hata senti ipotee. Na Anne anapomwambia Nicholas kwamba siku ile mama alishikwa na wazimu, Grace anakasirika si kwa sababu mtoto anasema uongo, ni kwa sababu anasema kweli.

Je, alirogwa? Hapana. Mchawi hayumo katika hadithi hii, na dijei alimwingiza kwa sababu sisi watazamaji tunapenda awepo, tukimpata tunapumua. Kilichomo ni mume aliyekwenda vitani na habari zake zikakatika, kisiwa kilichojaa askari wa adui, watoto wasioweza kutoka nje mchana, na mwanamke mmoja ndani ya nyumba yenye giza kwa miaka. Muvi haimtetei na haimlaani. Inaeleza jinsi alivyobaki peke yake na kuishia hapo, kwa mistari michache sana, na mimi nashukuru kwa uchache huo. Kuna dokezo moja dogo mwanzoni ambalo mkirudia mtalisikia vizuri: anawaambia Bi Mills na wenzake kwamba watumishi wa awali walitoweka ghafla, hawakuaga wala hawakuchukua mshahara. Ulishaona wapi mfanyakazi wa nyumbani anaacha mshahara? Anaacha anapokimbia kitu alichokikuta chumbani.

Sasa toharani. Watoto wanamuuliza mama yao: kama tumekufa, limbo iko wapi? Dijei akaona limbo haina mnunuzi, akaweka toharani. Lakini ni vitu viwili. Toharani, kwa mafundisho ya Kikatoliki, ni mahali roho inatakaswa ikiwa njiani kwenda mbinguni, aliyeko huko ana uhakika wa kufika. Limbo ilikuwa rai ya wanateolojia wa zamani kuhusu watoto wachanga waliokufa bila ubatizo, haikuwahi kuwa fundisho la lazima, na mwaka 2007 tume ya teolojia ya Vatican ilitoa waraka unaosema kuna sababu za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Grace, lakini, yuko mwaka 1945, na mapema katika muvi alikuwa amewafundisha watoto jambo hili kwa uhakika wa kutisha. Aliwafundisha pia habari za Justo na Pastori, wale ndugu wadogo wa Hispania waliouawa mwaka 304 kwa kukataa kumkana Kristo. Anne akasema yeye angewadanganya Warumi kwa mdomo na kuendelea kuamini moyoni. Mama akawaka. Mtoto yule alikuwa na akili, na mama alikuwa na jibu la kila kitu.

Ndiyo maana ninaposikia jibu lake pale kwenye ngazi huwa nashtuka kuliko nilivyoshtuka kwa zile karatasi. Anasema hajui. Hajui kama limbo ipo, hana hekima kuliko wao, anachojua ni kwamba anawapenda, kama alivyowapenda siku zote. Watu wanauita mwisho huu "kumbe wamekufa!" na wanaishia hapo, kama kitendawili kilichoteguliwa. Mimi naona kuteguliwa kwa kitendawili kulishaisha dakika tano kabla. Mwisho wenyewe ni mwanamke huyu, baada ya saa nzima na zaidi ya kufunga milango, kukubali kutamka neno "sijui" mbele ya watoto wake. Neno fupi hivyo, na ndilo dijei alilolifunika kwa namba zake kumi.

Kuhusu baba. Charles amekufa, alikufa vitani, na Grace mwenyewe anawathibitishia watoto hivyo mwishoni. Mbona aliondoka tena? Muvi haisemi moja kwa moja, kwa hiyo hapa nawapa rai yangu. Aliporudi, Anne alimweleza lililotokea siku ile. Anamwambia Grace kwamba ameambiwa, halafu anasema lazima arudi vitani. Grace anamjibu vita vimeisha. Ni kweli vimeisha, ila si kwa Charles. Kila mfu katika muvi hii amefungwa mahali alipoangukia: Grace na watoto ndani ya nyumba, watumishi katika nyumba hiyo hiyo na bustani yake, na Bi Mills anasema wazi kwamba ukungu hautamruhusu Grace kufika mbali alipotoka kwenda kumtafuta padri. Makazi ya Charles ni kule kwenye mapigano. Alikuja kuaga, akakuta habari ambayo mwanamume yeyote angeshindwa kuketi nayo meza moja, akarudi kwake. Wapo wanaosema aliondoka kwa hasira, nami siwakatalii. Ukimwangalia usoni, hata hivyo, utaona uchovu zaidi kuliko hasira.

Haya, bibi.

Bibi alisema "hao ndio wenye nyumba" watumishi walipogonga mlango. Kwa mtu mwenye jicho moja chini ya bandeji, anayemsikiliza dijei anayetafsiri ovyo, huo ni uchambuzi mzuri kuliko mwingi ninaousoma. Nadhani najua alichokinasa. Watu watatu wanafika hawajaitwa. Grace anadhani wameitikia tangazo lake la kazi, baadaye anaikuta barua ya tangazo ikiwa bado haijachukuliwa na mtu wa posta. Wanaijua nyumba kabla hawajaonyeshwa. Bi Mills anamwangalia mwenye nyumba kwa upole ule ambao mtu mzima humwangalia mwali, anajua lililo mbele yake na anasubiri lifike kwa wakati wake. Katika masimulizi tuliyolelewa nayo sisi watu wa huku, anayekufa hafiki ugenini. Kuna waliotangulia, na wao ndio wanaompokea na kumfundisha taratibu. Bi Mills na wenzake ni wazee wa nyumba ile. Wamekaa humo tangu 1891, na wamevaa nguo za watumishi kwa sababu mgeni wao mpya bado hajui kwamba yeye ndiye mgeni. Tuttle anayafunika makaburi yao kwa majani makavu, si kwa hila, ni kumpa mama huyu muda. Watazamaji wa Ulaya wengi waliwaogopa wale watatu hadi dakika ya mwisho, kwa kuwa kamera inawapiga kama wabaya. Bibi hakuwaogopa hata kidogo.

Zile picha za maiti waliokalishwa vitini, kama mdogo wako atauliza, nazo zilikuwepo kweli. Ulaya ya karne ya 19 watu walipiga picha marehemu wao, hasa watoto, kwa sababu mara nyingi hiyo ndiyo ilikuwa picha yao ya kwanza na ya mwisho. Grace anaona ni ushirikina. Sisi tunaopiga video jeneza linaposhushwa hatuna la kuwaambia.

Limebaki suala la nani alishinda. Baada ya ngazi, Grace anawaambia watoto: nyumba hii ni yetu. Watoto wanarudia pamoja naye, nyumba hii ni yetu, kama darasa linaloitikia. Bi Mills anasema wavamizi wanaondoka lakini watakuja wengine, mara nyingine tutawahisi na mara nyingine hatutawahisi, na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Nje, Victor anainua macho kuelekea dirishani, anawaona watatu wamesimama, kisha hawapo. Gari linaondoka. Geti linafungwa, na kwenye geti kuna bango: inauzwa.

Watu wa muvi wanabishana kama huo ni ushindi au kifungo. Mama amekubali ukweli, mwanga umeingia, watoto wanacheza juani, huo ni ushindi. Amekubali ukweli na papo hapo akashikilia kuta zile zile, hilo nalo ni kweli. Kwangu mimi hutegemea na siku. Ila kila nikilitazama lile bango nawaza zile kuta tunazopita nazo mtaani kila siku, zilizoandikwa kwa rangi nyekundu na mkono usiotulia: NYUMBA HII HAIUZWI. Mwandishi wa maneno hayo hamfahamu mnunuzi, na mnunuzi hamfahamu yeye. Anachojua ni kwamba kuna mtu mahali fulani anazungusha karatasi zinazosema nyumba haina mwenyewe. Grace angekuwa na kopo la rangi, angeandika hayo hayo.

Mkiipata isiyotafsiriwa, yenye maandishi chini, iangalieni tena. Muziki pia mtausikia, alioutunga Amenábar mwenyewe na ambao dijei kaumeza wote. Na msishangae mkisikia kwamba muvi hii ya Kiingereza kitupu, iliyopigwa picha kaskazini mwa Hispania, ilishinda tuzo 8 za Goya huko Hispania, ikiwemo ya filamu bora, bila neno moja la Kihispania. Mwacheni bibi asikilize ule ukelele wa mwanzo kabla hamjamwambia chochote, kisha mnieleze alisemaje.

Na dijei, namba yake si mnayo? Alitangaza dakika nzima. Mpigieni mumwambie pale kwenye ngazi yule mama alikuwa anasema nini.